Hiba au Wakfu: Kuchagua Leseni ya Programu Huria kwa Kutazama Uhuru wa Mtumiaji

Mtu akimaliza kuandika programu na kuiweka mtandaoni ili wengine waione, huwa bado hajaifanya kuwa huria. Sheria za hakimiliki, iwe ile ya Tanzania ya mwaka 1999 au ya Kenya ya mwaka 2001, humpa mwandishi haki zake tangu anapoandika, bila kusubiri usajili. Kwa hiyo msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama mtengenezaji alivyoyaandika, ukikosa leseni unasomeka tu, na anayeunakili, anayeurekebisha au anayeusambaza anafanya hivyo bila ruhusa. Ruhusa yenyewe ni leseni. Ni faili moja ya maandishi inayokaa kwenye folda ya juu kabisa ya mradi, na wengi huichagua kwa dakika moja, kwa kubofya jina la kwanza walilowahi kulisikia. Dakika hiyo huamua kama mtumiaji wa mwisho, ambaye programu itamfikia baada ya kupita mikono mitano au sita, ataweza kuifungua na kuirekebisha, au atabaki kuomba.

Uhuru tunaouzungumzia ulipewa maelezo ya wazi na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi huria, Septemba 1983 na kuanzisha taasisi ya Free Software Foundation mwaka 1985. Ni wa aina nne: kuendesha programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kusambaza nakala zake, na kusambaza nakala ulizozibadilisha mwenyewe. Leseni zote ninazozilinganisha hapa zinampa uhuru huo kamili yule anayepokea programu moja kwa moja kutoka kwa mwandishi. Zinaachana pale nakala inapotoka mkono wa pili kwenda wa tatu.

Watu wa pwani wana maneno mawili yanayoieleza tofauti hiyo vizuri kuliko istilahi nyingi za kompyuta. Anayempa jirani yake kiwanja kwa hiba amemwachia kabisa: jirani akitaka atajenga, akitaka atauza, akitaka atakizungushia ukuta. Anayechimba kisima na kukifanya wakfu amefunga mlango wa kukiuza. Wote wanateka, na hakuna anayeweza kukigeuza chake. Leseni za ruhusa, kama MIT na BSD, ni hiba. Leseni za kopilefti, yaani zile zinazotaka uhuru urithishwe pamoja na programu, zinafanana na wakfu. Hiba ni wema na wakfu ni wema, na sioni sababu ya kumkaripia mtu aliyechagua mojawapo. Mfano huu, hata hivyo, haufiki hadi mwisho, na pale unapoishia ndipo miradi mingi imeumia; nitapafikia.

Tunapima nini

Kigezo cha kwanza ni umbali: uhuru unafika hadi kwa nani, kwa mtengenezaji programu anayefuata au hadi kwa mtu anayetumia bidhaa ya mwisho. Cha pili ni wakati: wajibu wa kutoa msimbo chanzo unaamka lini, pale nakala inapokabidhiwa, au hata pale programu inapotumika kupitia mtandao bila nakala kukabidhiwa. Cha tatu ni mchanganyiko: programu inaweza kuunganishwa na msimbo wa leseni gani nyingine, ukiwemo msimbo uliofungwa. Hapa naingiza pia hataza, yaani haki ya kipekee juu ya uvumbuzi uliosajiliwa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na ruhusa kamili ya hakimiliki na bado akashtakiwa kwa kutumia mbinu ambayo mwenzake ameisajili. Cha nne ni mtu ambaye leseni inamfaa.

Kipo kigezo cha tano ambacho hakimo ndani ya leseni yoyote, nacho ni nani anayeshika hakimiliki ya michango. Nimekitengea sehemu yake, kwa kuwa kimewashtua watu wengi katika miaka ya karibuni.

MIT na BSD

*Uhuru unafika hadi wapi.* Maandishi ya leseni ya MIT hayafiki maneno 200, na sharti lake la maana ni moja: tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki kwenye nakala. BSD ya vifungu vitatu inaongeza kwamba jina la mwandishi lisitumike kutangazia bidhaa bila idhini. Anayepokea anaruhusiwa kuufunga msimbo ndani ya bidhaa yake na kumpa mteja faili tekelezi tu, yaani ile ambayo kompyuta inaiendesha lakini mtu hawezi kuisoma wala kuirekebisha kwa urahisi. Uhuru wa mtengenezaji anayefuata ni mpana kuliko katika leseni nyingine yoyote hapa. Uhuru wa mtumiaji wa mwisho unategemea hisani ya mtengenezaji huyo.

Huenda msomaji anaisoma makala hii kwenye ushahidi wenyewe. Ndani ya kompyuta nyingi zenye vichakata vya Intel vya miaka ya karibuni, chini kabisa ya Windows au Linux, inaendeshwa programu ya usimamizi iliyojengwa juu ya Minix, mfumo wa Andrew Tanenbaum uliotolewa kwa leseni ya BSD. Mwaka 2017 Tanenbaum aliandika barua ya wazi akisema kwamba kampuni haikuwa na wajibu hata wa kumwarifu, ingawa ingekuwa adabu kufanya hivyo. Mwenye kompyuta naye hana njia ya kuibadilisha programu hiyo.

*Wajibu unaamka lini.* Unaamka nakala inapokabidhiwa, na hapo ni wajibu wa kuhifadhi tangazo tu.

*Mchanganyiko na hataza.* Msimbo wa MIT au BSD unaingia karibu kila mahali, kuanzia miradi ya GPL, leseni ya kopilefti nitakayoieleza chini, hadi bidhaa zilizofungwa. Kuhusu hataza, maandishi yenyewe hayasemi lolote kwa uwazi.

*Inamfaa nani.* DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, uko chini ya BSD. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia pia. Ufupi wa leseni uliwarahisishia watu wengi kazi: mwanasheria wa wizara huisoma na kuimaliza kabla chai haijapoa, na kampuni za nchini huweza kujenga juu yake bila hofu. Anayetaka kazi yake ienee upesi na iwe msingi wa vitu vingi atafarijika hapa.

Lakini nitulie kidogo upande wa pili. Chukua hospitali ya wilaya iliyonunua mfumo wa kampuni fulani uliojengwa juu ya msimbo wa aina hii, ukaongezewa sehemu zake na kufungwa. Fomu ya ripoti ya mwezi inabadilishwa: safu ya watoto walio chini ya miaka 5 inagawanywa kuwa walio chini ya mwaka 1 na wa mwaka 1 hadi 4. Kwa mwenye msimbo chanzo ni kazi ya mistari michache. Hospitali ina faili tekelezi kwenye seva, na kampuni imeacha kupokea simu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi karani anatoa ripoti ya zamani, anaifungua kwenye Excel, anafungua rejesta ya karatasi pembeni, na anagawanya hesabu mtoto kwa mtoto. Hakuna sheria iliyovunjwa. Msimbo wa asili bado uko mtandaoni, wazi kama siku ya kwanza. Aliyekosa uhuru ni karani.

Apache 2.0

*Uhuru unafika hadi wapi.* Ni hiba kama MIT, na anayepokea anaruhusiwa kufunga. Open Data Kit, inayotumiwa na wakusanyaji wa takwimu kwenye simu, ilijengwa kwa Apache 2.0, na kutoka kwenye msimbo huo ikatoka KoboCollect iliyo huria, na pia ikatoka SurveyCTO, ambayo ni huduma ya kulipia. Mti mmoja umetoa matawi ya aina zote mbili.

*Wajibu unaamka lini.* Nakala inapokabidhiwa: kuhifadhi leseni, matangazo, na kuonyesha faili zilizobadilishwa.

*Mchanganyiko na hataza.* Hapa ndipo inapoachana na MIT. Tangu ilipotolewa Januari 2004 ina kifungu kinachosema kwamba kila mchangiaji anatoa ruhusa ya hataza zake zinazohusu mchango wake, na kwamba anayefungua kesi ya hataza dhidi ya programu hiyo anapoteza ruhusa aliyopewa. Kwa maoni ya Free Software Foundation, inaingia ndani ya miradi ya GPL toleo la 3, lakini haipatani na GPL toleo la 2.

*Inamfaa nani.* Anayetaka hiba, lakini anatarajia wachangiaji kutoka kampuni kubwa zenye makabati ya hataza.

MPL 2.0, pamoja na neno kuhusu LGPL

*Uhuru unafika hadi wapi.* Leseni ya Mozilla, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka Januari 2012, inachora mpaka kwenye faili. Faili iliyokuwa MPL inabaki MPL, na atakayeibadilisha kisha akaisambaza atatoa msimbo chanzo wa faili hiyo. Faili mpya aliyoiandika mwenyewe pembeni anaweza kuipa leseni aitakayo. Mtumiaji wa mwisho anapata uhuru wa kiini cha mfumo, hata kama vyumba vilivyoongezwa vimefungwa.

*Wajibu unaamka lini.* Nakala inapokabidhiwa. Anayeendesha toleo lililobadilishwa kwenye seva yake hadaiwi.

*Mchanganyiko na hataza.* Inaishi vizuri na msimbo uliofungwa, inapatana na GPL isipokuwa mradi umekataa kwa tangazo maalumu, na ina ruhusa ya hataza iliyo wazi.

*Inamfaa nani.* OpenMRS ni mfano mzuri. Mfumo huo wa rekodi za wagonjwa ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Regenstrief Institute na Partners In Health, ukawekwa Eldoret na Rwanda mwaka 2006, na sasa uko chini ya MPL 2.0 pamoja na tangazo la tahadhari kuhusu matumizi ya kitabibu. Kiini kimoja kinahudumia kliniki nyingi, na kila mdau anaongeza moduli zake. Anayeboresha kiini na kukisambaza anatoa msimbo wa uboreshaji huo. Anayeandika moduli ya kuunganisha na mfumo wa malipo wa hospitali yake halazimiki.

LGPL ina roho hiyohiyo, ila inalenga maktaba za msimbo, yaani vipande vilivyoandikwa ili vitumiwe ndani ya programu nyingine: programu iliyofungwa inaruhusiwa kuitumia maktaba, mradi mtumiaji abaki na uwezo wa kuibadilisha maktaba hiyo na kuweka toleo lake. VLC, programu ya kuchezea video, ilihamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL kuanzia mwaka 2011, na ili kufanya hivyo ilibidi kuwatafuta waandishi wake mmoja mmoja na kuwaomba idhini. Kumbuka jambo hilo, litarudi.

GPL

*Uhuru unafika hadi wapi.* Hadi kwa kila anayekabidhiwa nakala. Leseni hii, iliyotoka mwaka 1989 na kufuatiwa na toleo la 2 mwaka 1991 na la 3 mwaka 2007, inasema kwamba anayesambaza programu, iwe kama alivyoipata au baada ya kuibadilisha, ataisambaza pamoja na msimbo chanzo na chini ya masharti yaleyale.

Nguvu yake inaonekana vizuri kwenye kisanduku kimoja cha plastiki chenye antena mbili. Mwaka 2003 Linksys ilikuwa ikiuza ruta ya WRT54G, na baadhi ya wanunuzi waligundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, ambayo iko chini ya GPL toleo la 2. Kwa kuwa walikuwa wamekabidhiwa nakala ndani ya kifaa walichokinunua, walistahili msimbo chanzo. Walidai hadharani, na kampuni ikautoa. Juu ya msimbo huo ulianza mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ambao leo unaendesha ruta za kampuni nyingi. Mwenye ruta ambayo kiwanda kimeacha kuitolea masasisho ya usalama anaweza, kwa mifano mingi, kuifutia programu ya kiwandani, kuiwekea OpenWrt na kuendelea nayo kwa miaka. Uhuru huo haukutoka kwa hisani ya mtengenezaji. Ulikuwa umeandikwa kwenye leseni miaka 12 kabla ya mzozo.

Mwaka 2004 mahakama ya Munich ilitoa amri ya zuio dhidi ya kampuni ya Sitecom kwa ombi la Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter, sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao, na ikaonekana kwamba leseni hii ina meno mbele ya hakimu. Mwaka 2021 Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, iliishtaki kampuni ya Vizio huko California kuhusu programu zilizomo kwenye televisheni zake, ikijenga hoja kwamba mnunuzi naye, bila kuwa mwandishi, anaweza kudai msimbo chanzo. Kwa anayejali uhuru wa mtumiaji, hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa maana inamtoa mtumiaji kwenye kungoja mwandishi amtetee.

*Wajibu unaamka lini.* Nakala inapokabidhiwa, na hapo tu. Chuo kinachotumia Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni ulio chini ya GPL, kinaweza kuibadilisha kwenye seva yake na kukaa na mabadiliko hayo, kwa sababu wanafunzi wanaitumia tu, hawakabidhiwi programu ya seva. Tena, GPL haikatazi kuuza. Mtu anaweza kutoza bei anayotaka kwa nakala au kwa kazi; asichoweza ni kumzuia mteja asigawe alichonunua.

*Mchanganyiko na hataza.* Hapa ndipo penye ugumu. Ukiunganisha msimbo wa GPL na wako kuwa programu moja na kuisambaza, yote itatoka chini ya GPL, na kwa hiyo haiwezi kuchanganywa na maktaba zilizofungwa. Toleo la 3 lina ruhusa ya hataza iliyo wazi, na kwa vifaa vya nyumbani linadai mtumiaji apewe maelekezo ya kusakinisha toleo alilolibadilisha. Dai hilo lilitokana na vinasa vya vipindi vya televisheni vya TiVo, ambavyo msimbo wake ulitolewa lakini kifaa chenyewe kilikataa kuendesha toleo lisilo na saini ya kampuni. Linux ilibaki kwenye toleo la 2, na ubishi wa nani alikuwa sahihi haujaisha.

*Inamfaa nani.* Anayeandika programu itakayofika mikononi mwa watu, kwenye kompyuta zao, simu zao au vifaa vyao, na hataki mtu wa katikati aifunge. Koha, inayoendesha katalogi za maktaba nyingi za vyuo, iko hapa. Haimfai anayetaka kampuni zenye bidhaa zilizofungwa zijenge juu ya kazi yake. Hizo zitatafuta mradi mwingine, na ni haki yake kuliona hilo kuwa hasara.

AGPL

*Uhuru unafika hadi wapi.* Hadi kwa anayetumia programu kupitia mtandao. AGPL toleo la 3, ya Novemba 2007, ni GPL iliyoongezewa kifungu cha 13: aliyeibadilisha programu na kuwafungulia watu waitumie kwa mtandao lazima awape nafasi ya kupata msimbo chanzo wa toleo hilo wanalolitumia.

*Wajibu unaamka lini.* Kwa kifungu hicho, unaamka mambo mawili yanapokutana: umebadilisha, na watu wanatumia kwa mtandao. Anayeiendesha bila kuigusa hadaiwi na kifungu cha 13. Wala leseni haihusu data. Nimesikia wasiwasi kwamba mfumo wa AGPL utalazimisha rekodi za wagonjwa au wateja ziwekwe wazi. Si kweli hata kidogo. Taarifa za watu zinalindwa na sheria nyingine, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

*Mchanganyiko na hataza.* Inapatana na GPL toleo la 3 na ina ruhusa yake ya hataza. Kampuni kadhaa kubwa huiogopa. Google, kwa mfano, imetangaza hadharani kwamba haiiruhusu ndani ya kazi zake.

*Inamfaa nani.* Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, liko chini ya AGPL. OpenLMIS, inayofuatilia ugavi wa dawa, iko hapa pia, na vilevile Mastodon, ya mitandao ya kijamii, na Nextcloud, ya kuhifadhi na kushiriki faili. Mifumo hii yote inaishi kwenye seva, na mtumiaji anaifikia kupitia mtandao tu. GPL ya kawaida isingemfikia.

Nani anashika hakimiliki

Hapa ndipo mfano wa wakfu unapoishia. Aliyetoa kisima wakfu amekitoa mikononi mwake. Hawezi kurudi kesho na masharti mapya. Mwenye hakimiliki ya programu hajaitoa. Leseni ni ruhusa anayowapa wengine, na yeye mwenyewe hafungwi nayo: toleo lijalo anaweza kulitoa kwa leseni nyingine, hata iliyofungwa. Kwa hiyo nguvu ya kopilefti inategemea hakimiliki iko kwa nani.

MongoDB, programu ya hifadhidata, ilikuwa AGPL, leseni kali kuliko zote nilizozitaja. Wachangiaji wake walikuwa wakitia saini mkataba unaoipa kampuni mamlaka mapana juu ya michango yao, na Oktoba 2018 kampuni ilihamia leseni ya SSPL, ambayo Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni, haijaikubali kuwa ya programu huria. Elasticsearch, programu ya kutafutia data, iliacha Apache 2.0 mwaka 2021. Kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kupangia seva, kwenye MPL 2.0 Agosti 2023. Redis, hifadhidata nyingine, ilikuwa BSD, kwa hiyo hata mkataba haukuhitajika, na Machi 2024 ikabadilisha. Elasticsearch iliongeza AGPL mwaka 2024, na Redis mwaka 2025. Nina huruma na sababu za kampuni hizo, kwa kuwa zililalamika kwamba watoa huduma za wingu walikuwa wakivuna wasichopanda; lakini mchangiaji aliyetoa usiku wake bure hakuulizwa.

Matoleo ya zamani hayakupotea, maana ruhusa iliyokwishatolewa haifutwi hivyo. OpenTofu ilianzishwa kutoka kwenye msimbo wa mwisho wa Terraform uliokuwa MPL, na Valkey kutoka ule wa Redis uliokuwa BSD, zote mbili chini ya Linux Foundation. Lakini kuanzisha mradi mpya kunataka watu na fedha, na mradi mdogo hauna jeshi hilo.

Linux ilichukua njia nyingine. Haina mkataba wa kukabidhi hakimiliki. Tangu 2004 kila anayetuma kiraka, yaani rekebisho la msimbo, anaweka chini yake mstari mmoja wenye jina lake na barua pepe yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kuutoa mchango huo kwa leseni ya mradi. Hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya watu, na hakuna anayeweza kuibadilisha leseni peke yake. Hilo linalinda, na pia linafunga: VLC ilibidi igonge mlango baada ya mlango.

Njia ya tatu ni kukabidhi hakimiliki kwa taasisi isiyo ya faida. Kwa miaka mingi Free Software Foundation imepokea hakimiliki ya programu nyingi za GNU, na mkataba wake unaahidi kwamba kazi hiyo itaendelea kutolewa kwa masharti huria. Hapo tumeukaribia wakfu wa kweli, wenye msimamizi na sharti lililoandikwa. Tangu 2021 mradi wa GCC, mmoja wa miradi ya GNU, unapokea pia michango bila makabidhiano hayo.

Kwa hali yako

Ikiwa umeandika maktaba ndogo, kwa mfano ya kusoma namba za simu za Afrika Mashariki au kupanga tarehe, na unataka itumike kila mahali, MIT itakutosha, na Apache 2.0 itakufaa zaidi ukitarajia michango ya kampuni. Programu inayoeneza kiwango cha mawasiliano nayo inanufaika na hiba, kwa kuwa lengo ni kila mtu akitumie kiwango hicho.

Ikiwa mnajenga mfumo wenye kiini kimoja na moduli za wadau wengi, na baadhi yao wana siri za kibiashara ambazo hamwezi kuwalazimisha kuziacha, anzeni na MPL 2.0. Mtapoteza uhuru wa mtumiaji kwenye moduli hizo, lakini mtapata washiriki ambao GPL ingewafukuza.

Ikiwa programu yako inasakinishwa kwenye kompyuta, simu au kifaa cha mtumiaji, na kinachokusumbua ni kuona wakala wa katikati akiifunga, chagua GPL toleo la 3. Ikiwa inakaa kwenye seva, fikiria AGPL kwanza, kisha uulize wadau wako kama sera zao zinaikataza; ni afadhali kulijua hilo kabla ya mstari wa kwanza kuliko baada ya miaka miwili.

Ikiwa kampuni yako inaishi kwa mfumo huo na inataka kuuza leseni ya pili kwa wasioweza AGPL, itahitaji mkataba na wachangiaji. Si dhambi, mradi wachangiaji waambiwe waziwazi, tena kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba kampuni itaweza kuuza kazi yao na kubadilisha leseni. Anayechangia naye asome mkataba kabla ya kubofya kukubali, na atafute humo ahadi kwamba mchango utabaki huria. Akiikosa ahadi hiyo na bado anaupenda mradi, aamue akijua.

Na ikiwa wewe ni taasisi inayonunua, usitegemee leseni ya msimbo wa chini peke yake, kwa kuwa inaweza kuwa hiba iliyofungwa njiani. Andika kwenye mkataba kwamba utakabidhiwa msimbo chanzo wote, sehemu zilizoongezwa zikiwemo, pamoja na leseni inayokuruhusu kuubadilisha au kumpa fundi mwingine aubadilishe. Kabla ya malipo ya mwisho, mfanyakazi wenu, si wa kampuni, achukue kompyuta isiyo na kitu, aujenge mfumo kutoka kwenye msimbo huo, abadilishe safu moja ya ripoti ya mwezi, na aichapishe. Hundi isainiwe baada ya karatasi hiyo kutoka kwenye printa.